SOMO KWA WATEMBEZI: KORONGO LA NJOROWA NA MAJI YATOKAYO MBALI

Mkaaji wa Kondele hana haja ya kufundishwa baiskeli ni kitu gani. Kwa miaka mingi watu wa Kisumu wameitumia kuchukua abiria, samaki, maziwa na magunia. Hata leo, ambapo pikipiki zimetwaa sehemu kubwa ya kazi hiyo, si ajabu kuiona baiskeli asubuhi na mapema ikishuka kutoka Kondele kuelekea mjini, imebeba mzigo uliomzidi mwenyewe kimo. Lakini ni wachache waliokwisha kuipa baiskeli kazi nyingine iliyo njema vile vile, yaani kwenda kuitazama nchi yao.

Katika somo la juma hili twataka kueleza habari za njia moja ambayo kijana, mzee na mtoto wa shule waweza kuipita kwa miguu au kwa baiskeli, pasipo ustadi wa kupanda milima. Njia hiyo imo katika Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, karibu na ziwa Naivasha. Ni njia nyepesi, tena yapendeza sana. Hata hivyo, mwisho wake kuna jambo moja ambalo lisipojulikana huua, nalo limekwisha kuua watu 14 katika mafuriko mawili, ya mwaka 2012 na ya mwaka 2019. Hatuandiki haya ili kuwatisha watu wasiende. Twaandika ili waende, wafurahi, na warudi nyumbani.

MAHALI PENYEWE

Kutoka Kisumu mpaka Naivasha ni safari ya kilometa karibu 250 kwa barabara ipitayo Kericho na Nakuru. Msafiri akifika Naivasha hufuata barabara ya kusini mwa ziwa, mpaka penye njia panda iendayo kwenye Lango la Elsa. Lango hilo limepewa jina la yule simba jike mashuhuri aliyelelewa na Joy Adamson na mumewe George. Bibi Adamson alikuwa na nyumba yake kando ya ziwa hilo hilo.

Hifadhi ilianzishwa mwaka 1984, nayo ina eneo la kilometa za mraba 68 hivi. Si kubwa, lakini ina sifa yake. Katika hifadhi nyingi za Kenya mgeni hukatazwa kushuka garini. Hapa aruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli, kwa sababu si kawaida kuonekana simba wala tembo. Wanyama walioko ni pundamilia, twiga, kongoni, pofu, swala, ngiri na nyani, na juu ya magenge huruka tai na mbayuwayu. Nyati pia wamo, na habari zao tutazisema mbele. Asiyetaka kusafirisha baiskeli yake kutoka Kisumu aweza kukodi nyingine huko huko karibu na lango.

JINSI KORONGO LILIVYOFANYIKA

Watu wa Kisumu wanajua kwamba ziwa lao lina mlango wa kutokea maji. Mlango huo uko Jinja, na maji yatokayo hapo ndiyo mto Nile. Ziwa Naivasha leo halina mlango kama huo juu ya ardhi. Maji yake hupotea kwa kukaushwa na jua na kwa kupenya chini ya ardhi, na kule kupenya ndiko kunakoyafanya yasigeuke kuwa ya chumvi.

Lakini zamani haikuwa hivyo. Maelfu ya miaka iliyopita mvua zilikuwa nyingi kuliko sasa, na ziwa Naivasha lilikuwa kubwa zaidi na lenye kina kirefu zaidi. Lilipojaa, maji yalifurika upande wa kusini na kufanya mto. Nchi ile ni ya volkano, na mlima Longonot uliopo jirani ni mmoja wa milima hiyo. Miamba yake mingi ilifanyika kwa majivu yaliyotapikwa na kushikamana, nayo si migumu sana. Mto ule uliikata miamba hiyo kidogo kidogo, kama msumeno ukatavyo gogo, hata ukafanya bonde lenye kuta ndefu pande zote mbili. Baadaye mvua zilipungua, ziwa likanywea, na mto ukakatika. Uliacha kitanda chake kitupu. Basi mtu apandaye baiskeli yake pale leo, kwa kweli anapita kando ya mto ambao haupo tena. Neno hili tulishike, maana ndilo shina la somo letu.

Chini ya ardhi moto ungali upo. Maji ya moto huchuruzika penye kuta za korongo, na mvuke huonekana ukitoka ardhini. Huko Olkaria mvuke huo huchimbwa kwa visima virefu na kuzungusha mitambo ya umeme. Mtambo wa kwanza wa Olkaria ulianza kazi mwaka 1981.

SAFARI KUTOKA LANGONI

Njia yenyewe ina sehemu mbili, na ni lazima mtembezi azitofautishe.

Sehemu ya kwanza huanza kwenye Lango la Elsa. Ni barabara ya udongo, pana, ipitayo katika bonde la majani. Kulia na kushoto yamesimama magenge mekundu. Karibu na mwanzo wa safari kuna mwamba uliosimama peke yake, wenye kimo cha meta 25 hivi, uitwao Mnara wa Fischer. Umeitwa hivyo kwa jina la msafiri Mjerumani, Gustav Fischer, aliyefika pande hizo mwaka 1883. Mwamba huo ni mabaki ya volkano: mawe yaliyoyeyuka yaligandia ndani ya koo lake, kisha udongo laini uliolizunguka ukachukuliwa na maji na upepo. Lakini Wamaasai husimulia kwamba yule ni msichana aliyekuwa akipelekwa kuolewa. Aliagizwa asitazame nyuma, akatazama, akageuka jiwe.

Barabara huendelea hivyo hivyo kwa kilometa kadha, mpaka mahali penye kituo cha askari wa wanyama na vivuli vya kupumzikia. Hapo baiskeli huachwa.

Sehemu hii haina taabu, ila yafaa mtu akumbuke kwamba kwa jumla huteremka kutoka langoni kwenda korongoni. Mwendeshaji mgeni hufurahi akidhani ana nguvu nyingi, kumbe mteremko ndio unaomsukuma. Wakati wa kurudi jua limekuwa kali, maji yamekwisha chupani, na mteremko umekuwa mlima. Wahenga walisema, "Usione kwenda mbele, kurudi nyuma si kazi." Kwa hiyo mtu asitumie zaidi ya theluthi moja ya nguvu zake katika kwenda.

Sehemu ya pili ni korongo lenyewe, yaani Njorowa. Hapa mtembezi hushuka kwa miguu pamoja na kiongozi ajuaye njia. Kuta hukaribiana, na mahali pengine hukaribiana sana hata mtu akinyosha mikono aweza kugusa pande zote mbili. Maji kidogo hupita miguuni. Ni mahali pa baridi na kivuli, na kwa uzuri wake watu wengi wamependa kukaa humo muda mrefu. Ndipo palipo hatari.

MAJI YASIYOPIGA HODI

Mwezi wa Aprili mwaka 2012 kikundi cha vijana wa kanisa kilikuwa kikitembea ndani ya korongo. Maji yakaja kwa ghafula, na vijana saba wakafa. Mwezi wa Septemba mwaka 2019 jambo lile lile likatokea tena. Watu saba walichukuliwa na maji, na mmoja wao alikuwa kiongozi wa watalii, mtu mwenye kuijua njia. Baada ya msiba huo korongo lilifungwa kwa muda.

Msomaji ataweza kuuliza: Mto ulikwisha kufa maelfu ya miaka iliyopita. Maji haya yalitoka wapi?

Jibu ni hili. Ziwa liliacha kupeleka maji, lakini mfereji ulibaki, na mvua haikuacha kunyesha. Mvua kubwa inyeshapo juu ya miteremko iliyo kandokando, maji hayana njia nyingine ila kuingia katika vijito vidogo, na vijito vyote hukutana korongoni. Mto ule, kwa hiyo, huweza kufufuka kwa saa moja au mbili, kisha ukafa tena. Na mvua hiyo si lazima inyeshe mahali aliposimama mtembezi. Yaweza kunyesha mbali, nyuma ya kilima, naye akawa chini ya anga jeupe asisikie hata ngurumo.

Watu wa Kano na Kisumu wasilione jambo hili kuwa geni. Wao wanajua jinsi mto Nyando unavyoweza kufurika na kuingia mashambani karibu na Ahero siku ambayo jua linawaka, kwa sababu mvua ilinyesha juu katika vilima vya Nandi na Kericho. Mzee wa Kano hatazami mawingu yaliyo juu ya paa lake tu. Hutazama upande wa vilima. Tofauti ni kwamba Nyando hutembea katika uwanda mpana, na mara nyingi huwapa watu nafasi ya kuhamisha watoto na ng'ombe. Korongo jembamba halitoi nafasi hiyo. Huko hesabu ni ya dakika.

Wala jambo hili si la Kenya peke yake. Huko Marekani, katika jimbo la Arizona, kuna korongo jembamba na zuri liitwalo Antelope. Mwezi wa Agosti mwaka 1997 mvua ya radi ilinyesha mbali, upande wa juu wa korongo hilo, na mahali walipokuwa watalii mvua ilikuwa kidogo tu. Maji yalipowafikia yaliwaua watu 11.

HESABU NDOGO

Kwa nini maji machache huwa makali hivyo katika korongo? Tufanye hesabu ambayo mtoto wa shule aweza kuifuata.

Tuseme maji yanapita katika uwanda wenye upana wa meta 60. Kina chake ni sentimeta 10 tu, maji yasiyopita kifundo cha mguu, nayo yanakwenda meta moja kwa kila sekunde. Zidisha 60 kwa 0.1 kwa 1, utapata meta za ujazo 6 kwa kila sekunde. Mtu angeweza kuyavuka maji hayo huku ameshika viatu mkononi.

Sasa maji yale yale yaingie katika mlango wa korongo wenye upana wa meta 3. Hata kama yataongeza mwendo mpaka meta 2 kwa kila sekunde, kina chake hakina budi kufika meta moja, maana 3 mara 2 mara 1 ni 6. Basi maji ya kifundo yamekuwa maji ya kiunoni. Tena nguvu ya maji haiongezeki sawasawa na mwendo wake. Mwendo ukiwa mara mbili, msukumo huwa mara nne. Na meta moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Katika mfano wetu, tani sita zinapita kila sekunde mahali ambapo mtu hana upande wa kukimbilia, kwa kuwa kuta ni wima na zimelowa. Wala maji hayo hayaji matupu: huja na mawe, matope na magogo.

Ndiyo sababu kujua kuogelea si kinga. Mtoto wa pwani ya ziwa, aliyekua majini huko Dunga, hana faida kubwa kuliko mtu wa bara katika maji ya namna hii.

MAMBO YA KUSHIKA

Haya ndiyo tunayomshauri kila mtu atakaye kwenda huko, awe peke yake, na jamaa zake, au na wanafunzi.

1. Katika sehemu ya barabara. Kagua breki zote mbili kabla ya kuondoka langoni, na tairi pia, maana miiba ipo. Chukua pampu na viraka. Chukua maji ya kunywa yasiyopungua lita mbili kwa kila mtu, na kofia ya kujikinga na jua. Anza mapema asubuhi. Ukiona nyati, hasa dume aliye peke yake, simama mbali, usimkaribie ili kupiga picha, wala usipite kati ya mama na ndama. Chakula kifungwe vizuri kwa ajili ya nyani, na mtu asiwalishe.

2. Kabla ya kushuka korongoni. Waulize askari wa hifadhi kama korongo limefunguliwa siku hiyo. Wakisema limefungwa, basi limefungwa, hata kama umesafiri kutoka Kisumu usiku kucha na jua linawaka. Uliza pia kama mvua imenyesha jana au leo upande wa juu. Miezi ya masika, kuanzia Machi hata Mei, yahitaji uangalifu mkubwa, lakini kumbuka kwamba msiba wa mwaka 2019 ulitokea mwezi wa Septemba. Kalenda peke yake haimlindi mtu.

3. Ukiwa ndani. Usishuke pasipo kiongozi. Kila mnapopita, mwombe awaonyeshe mahali pa kupandia kutoka nje, na mpakumbuke. Msikae kula wala kupumzika katika sehemu nyembamba. Pumzikeni palipo pana na pa juu. Watoto wawe katikati ya kikundi, na mtu mzima awe wa mwisho.

4. Dalili za hatari. Maji yaliyokuwa meupe yakigeuka kuwa ya matope, au yakianza kuchukua majani na vijiti, au kijito kikiongezeka hata kwa vidole viwili, ondokeni. Mkisikia mvumo kama wa gari kubwa mahali pasipo na barabara, ondokeni. Mkiona wingu jeusi upande wowote, au mkisikia ngurumo hata ya mbali, ondokeni. Msikimbie kuufuata mkondo kuelekea chini, maana maji yana mbio kuliko watu. Pandeni juu mahali pa karibu. Acheni mizigo.

5. Baada ya kutoka. Msirudi kuchukua kitu kilichosahauliwa. Wimbi la kwanza laweza kufuatwa na jingine kubwa zaidi.

Yule msichana wa masimulizi ya Wamaasai alipata hasara kwa kutazama nyuma. Mtembezi wa korongo anapaswa kufanya kinyume chake. Akishuka pamoja na mkondo, maji humjia kutoka nyuma yake. Basi na ageuke mara kwa mara kutazama yatokako.

FAIDA YA SOMO HILI NYUMBANI

Huenda msomaji atasema, "Mimi sina nauli ya kwenda Naivasha, nami siijui likizo." Lakini hata yeye ana mto karibu naye. Mto Auji hupita katika mitaa ya Kisumu, na siku nyingi ni kijito ambacho mtoto aweza kukiruka. Siku ya mvua si kijito tena. Mtoto atokaye shule asifundishwe kupima maji kwa macho na kuyavuka kwa haraka ili awahi nyumbani. Afundishwe kungoja, au kuzunguka mpaka penye daraja, hata akichelewa. Mzazi naye asimpige kwa kuchelewa huko. Anayempiga mtoto aliyengoja maji yapungue anamfundisha siku nyingine asingoje.

Na wale wenye uwezo wa kwenda, waende. Vijana wa Kondele wanaofunga mizigo mizito kwenye keria zao kila siku wana miguu ya kuishinda njia ile pasipo shida. Waalimu nao watapata humo somo la jiografia lililo bora kuliko picha za kitabuni, maana mwanafunzi ataona kwa macho yake jinsi ziwa, volkano na mvua zilivyoshirikiana kuikata nchi. Ila kila mmoja aelewe kwamba wepesi wa njia ni jambo moja, na usalama wake ni jambo jingine. Njia nyepesi humfanya mtu aache kuangalia, na korongo humtaka aangalie.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini maji ya ziwa Naivasha si ya chumvi, ingawa ziwa halina mto wa kutokea?

2. Maji yanapita katika uwanda wenye upana wa meta 40, kina cha sentimeta 15, kwa mwendo wa meta moja kwa sekunde. Yakiingia katika korongo la upana wa meta 2 na kwenda meta 3 kwa sekunde, kina chake kitakuwa nini? (Jibu: meta 1.)

3. Mzee wa Kano hutazama upande gani kabla ya kusema kama Nyando itafurika, na kwa nini?

4. Taja dalili tatu za kumwambia mtembezi kwamba wakati wa kutoka korongoni umefika.